Mahatma Gandhi na Chungu Kisicho Nyama

Sisi watu wa pwani tukisikia habari ya chakula kisicho nyama wala samaki, fikira ya kwanza inayotujia ni ufukara au maradhi. Mgeni akiandaliwa mchicha mtupu, mwenye nyumba huona haya, na mgeni naye akirudi kwao huwa na hadithi ya kusimulia. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipohamia Nairobi na kupanga katika mtaa wa Mbotela. Huko ndiko nilikopata sababu ya kuyasoma maisha ya mtu ambaye jina lake kila mmoja wetu amelisikia, lakini habari za jiko lake ni wachache wanaozijua. Mtu huyo ni Mohandas Karamchand Gandhi, aliyeitwa Mahatma.

Kwanza nieleze kilichonipeleka kwake. Mbotela ni mmojawapo wa mitaa ya Eastlands, nao umepewa jina la marehemu Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa Nairobi mwezi wa Novemba, 1952. Wakazi wake ni mchanganyiko: Wakamba, Waluhya, Wajaluo, Wakikuyu, na sisi wachache tuliotoka pwani. Nyumba zimekaribiana mno. Jirani akikaanga pilipili, wewe ndiye unayepiga chafya.

Krismasi moja, jirani yetu wa mlango wa pili, mama mtu mzima mwenye asili ya Nyanza, alituletea sahani ya kuku. Kuku mwenyewe alimfuga, akamchinja kwa mkono wake na kumpika kwa mapenzi. Lakini sisi Waislamu tuna masharti yetu ya kuchinja, na kwa malezi niliyolelewa sikuweza kumla. Kosa langu halikuwa kutomla. Kosa langu ni kwamba niliirudisha sahani jioni ile ile, kuku mzima kama alivyokuja, bila ya neno moja la kueleza. Tangu siku ile salamu zikawa za midomo tu. Watoto wake, waliokuwa wakishinda kwetu, hawakuja tena.

Jambo lile lilinikaa moyoni. Siku moja, kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu, nilinunua kitabu cha maisha ya Gandhi alichokiandika mwenyewe. Nilitaraji kusoma siasa. Badala yake nikakuta kwamba kila baada ya kurasa chache anarudia chakula: nini alikula, nini alikataa, na nani alikasirika. Nikaona huyu naye alikuwa na mambo yake ya sahani na majirani, nikamfuata mpaka mwisho.

MTOTO WA MAMA MFUNGAJI

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba, 1869, katika mji wa bandari wa Porbandar, huko Gujarat. Baba yake, Karamchand, alikuwa waziri wa mtawala wa mji huo. Ukoo wao ulikuwa wa Wabania, watu wa biashara, na ndiko lilikotoka jina letu la Baniani. Tunayo methali isemayo Baniani mbaya kiatu chake dawa. Habari hizi zimenifunza kwamba si kiatu chake tu, hata chungu chake kinaweza kuwa dawa.

Mama yake, Putlibai, alikuwa mwanamke wa ibada na mwingi wa kufunga. Katika miezi ya mvua alikuwa akiweka nadhiri ya kutokula mpaka alione jua. Watoto walikuwa wakisimama nje wakitazama mawinguni, na jua likichomoza walikimbia kumwita. Mara nyingi alipotoka, jua lilikuwa limekwisha jificha, naye alirudi kazini kwake bila ya kinyongo, akisema kwamba Mungu hakutaka ale siku hiyo. Mtoto aliyelelewa na mama kama huyo hakuweza kukiona chakula kuwa jambo la tumbo tu.

Hata hivyo, alipokuwa kijana alikula nyama. Rafiki yake mmoja, aliyekuwa Mwislamu, alimwambia kwamba Waingereza waliitawala India kwa sababu wao hula nyama, na Wahindi ni dhaifu kwa kuwa hawali. Basi akaenda naye faraghani kando ya mto, akala nyama ya mbuzi. Usiku huo hakulala. Kila akifumba macho aliona kama mbuzi yuko hai tumboni mwake, analia. Alirudia mara kadhaa, mwishowe akaacha. Alichokimbia hasa ni uwongo. Kila alipokula huko nje, ilimlazimu kumdanganya mama yake kwamba hana njaa.

NJAA YA LONDON

Mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka 18, aliazimia kwenda Uingereza kusoma sheria. Tayari alikuwa na mke, Kasturba, waliyeozeshwa wakiwa na umri wa miaka 13, na mtoto mchanga. Mama yake alihofu kwamba kijana ataharibika ugenini. Akaapishwa mbele ya mtawa mmoja kwamba hatagusa pombe, wanawake, wala nyama. Ndipo mama akampa ruhusa. Hawakuonana tena. Gandhi aliporudi mwaka 1891 alikuta mama amekwisha fariki.

Kile kiapo kilimtesa. Melini alikuwa akijificha chumbani na kula matunda na vitu vitamu alivyofungashiwa na watu wa kwao, kwa kuwa aliona haya kuuliza kilichomo ndani ya vyakula vya mezani. Abiria walimwonya kwamba akifika kwenye baridi ya Ulaya atalazimika kula nyama au afe. London alipangishwa kwa mwanamke mmoja mjane aliyempikia mboga za kuchemsha zisizo na chumvi wala bizari. Alikula mkate vipande viwili au vitatu, akaona haya kuomba zaidi, na akalala na njaa. Rafiki yake mmoja alimgombeza akisema kiapo kwa mama asiyejua kusoma si kitu.

Gandhi akatoka kutafuta. Alikuwa akitembea maili nyingi kwa siku, mpaka alipoiona hoteli ya walaji mboga katika barabara ya Farringdon. Alifurahi mithili ya mtoto aliyepata alichokililia. Mlangoni walikuwa wakiuza vitabu, akanunua kwa shilingi moja kitabu cha Henry Salt kinachotetea ulaji wa mboga. Akaingia ndani, akala, na kwa mara ya kwanza tangu afike Uingereza akashiba.

Tangu hapo alijiunga na chama cha walaji mboga cha London, akawa mwanakamati, akaanza kuandika katika gazeti lao. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kazi yake ya hadhara. Kijana aliyetetemeka kusimama mbele za watu alijifunza mikutano, kamati na uandishi kwa sababu ya mboga.

Kisha akajifunza kupika mwenyewe. Alipanga chumba kimoja, akanunua jiko, na asubuhi akawa anapika uji wa oti, chakula cha Waskoti, pamoja na kakao. Jioni alikula mkate na kakao. Alipunguza matumizi yake ya chakula mpaka shilingi moja na peni tatu kwa siku. Na ile mboga isiyo na bizari iliyokuwa ikimshinda, sasa akaiona tamu. Nikisoma habari hizi chumbani kwangu Mbotela, kando ya jiko langu la mafuta ya taa, niliona kama ninasoma habari za jirani.

LAMU, MOMBASA NA UNGUJA

Hapa ndipo habari zake zinapotuingia sisi wenyewe. Aliporudi India hakufaulu katika uwakili. Ndipo ikaja kazi kutoka kwa kampuni ya Dada Abdulla, wafanya biashara Waislamu waliotoka Porbandar na kufungua biashara Afrika Kusini. Walikuwa na kesi kubwa, wakamtaka Gandhi asaidie. Basi mtu huyu aliyekuja kujulikana dunia nzima, riziki iliyomfungulia njia aliipata kwa Mwislamu.

Alipanda meli mwezi wa Aprili, 1893. Bandari ya kwanza waliyofika ilikuwa Lamu, baada ya siku kama 13 baharini. Nahodha alimwonya asikawie kwa kuwa maji ya pale ni ya hila. Gandhi akateremka, akaenda posta, akafurahi kuwakuta makarani wa Kihindi, akazungumza nao. Aliporudi, mashua aliyopanda ilikuwa imejaa watu na maji yanavuta kwa nguvu. Kila wakikaribia ngazi ya meli, mkondo uliwasukuma. Honi ya kuondoka ikalia. Rafiki mmoja aliyekuwa juu ya meli alikodi mashua nyingine kwa rupia 10 ikamchukue, na kwa kuwa ngazi ilikuwa imekwisha pandishwa, alivutwa juu kwa kamba. Mkondo wa Lamu ungekuwa na nguvu zaidi kidogo siku ile, pengine historia ya India ingeandikwa vingine.

Wakapita Mombasa, kisha Unguja, ambako alikaa siku nane au kumi akingoja meli nyingine. Alipanga chumba mjini, akawa anatembea mashambani. Alistaajabu kuona miti mikubwa namna ile, na ukubwa wa matunda ukamshangaza. Sisi tuliozaliwa chini ya miembe, mifenesi na minazi hatustaajabu tena. Lakini hebu fikiri, msomaji, mtu aliyekuwa akihesabu vipande vya mkate London, anasimama shambani Unguja akitazama mafenesi yakining'inia.

JIKO LA AFRIKA KUSINI

Alifika Durban mwishoni mwa Mei, 1893. Bwana Abdulla alimpa chumba kilichopakana na chake, na kwake Gandhi alijifunza mengi ya Uislamu, akasoma na tafsiri ya Qur'ani. Muda si mrefu, akiwa safarini kwenda Pretoria, alitupwa nje ya gari la moshi katika kituo cha Pietermaritzburg kwa kuwa alikaa katika behewa la daraja la kwanza. Habari hiyo ni mashuhuri. Alikwenda kwa kazi ya mwaka mmoja, akakaa huko miaka 21 kwa kukatiza, akiunda chama cha Natal Indian Congress mwaka 1894, na kuanzia mwaka 1906 akiongoza upinzani wa amani alioupa jina la satyagraha.

Jikoni alikuwa na mwendo huo huo wa kujaribu. Johannesburg alinunua mashine ya kusaga unga kwa mkono kwa pauni 7, wakawa yeye na wanawe wanasaga ngano na kupika mikate ya unga usiochujwa. Mapenzi yake ya mboga yaliwahi kumtia hasarani. Alimkopesha mwanamke mmoja mwenye hoteli ya walaji mboga pauni 1,000 hivi, na fedha hizo zilikuwa amana ya mteja wake, mtu mnyonge. Hoteli ikafa, fedha zikapotea, naye akalazimika kuzilipa kutoka mfukoni mwake.

Lakini yapo makubwa kuliko fedha. Mwaka 1902, akiwa Bombay, mwanawe Manilal wa umri wa miaka 10 alishikwa na homa kali ya matumbo pamoja na homa ya mapafu. Daktari akaamrisha mayai na supu ya kuku. Gandhi akakataa. Alimwogesha mtoto kwa maji, akamfunga shuka mbichi, akampa maji ya machungwa, huku moyo wake ukimsuta kama ana haki ya kufanya hivyo. Mtoto akapona. Mara nyingine Durban, Kasturba alikuwa taabani baada ya kupasuliwa, na daktari alitaka kumpa supu ya ng'ombe. Gandhi akakataa tena, na mkewe mwenyewe alipoulizwa akakataa pia. Akamtoa hospitalini katika manyunyu ya mvua, naye akapona.

Nakiri kwamba hapa nilikifunga kitabu kwa hasira. Dini yetu imetuhalalishia nyama, na roho ya mtoto si kitu cha kujaribia. Gandhi anaeleza kwamba alimuuliza Manilal, naye mtoto akaridhika. Lakini mtoto wa miaka 10 atajibu nini mbele ya baba yake? Kupona kwake ni rehema ya Mwenyezi Mungu, na mwingine asiige.

RAMADHANI KATIKA SHAMBA LA TOLSTOY

Nilikifungua tena baada ya siku chache, na hapo ndipo nilipokuta nilichokuwa nakitafuta.

Mwaka 1910, wapinzani wengi walipokuwa gerezani, familia zao zilikosa wa kuzilisha. Rafiki yake Gandhi, mchoraji wa majengo Hermann Kallenbach, alitoa shamba la eka 1,100 karibu na Johannesburg. Wakaliita shamba la Tolstoy, kwa jina la mwandishi wa Kirusi. Walikaa humo Wahindu, Waislamu, Maparsi na Wakristo, wake kwa waume na watoto. Swali la kwanza lilikuwa la jiko. Je, wapike nini?

Gandhi aliyewanyima mkewe na mwanawe supu sasa alilipima jambo hili kwa mizani nyingine. Aliamua moyoni kwamba, kwa kuwa watu hawa ni wageni wake na waume zao wamo gerezani kwa ajili ya wote, wakitaka nyama, hata ikiwa ya ng'ombe, itambidi awapatie. Mtu anayejua jinsi Mhindu anavyomheshimu ng'ombe ataelewa uzito wa uamuzi huo. Kisha akawaendea wanawake wa Kiislamu na wa Kikristo, akawaeleza hali ya fedha na jinsi moyo wake ulivyo, akawaachia wao kuchagua. Wakakubali kwa hiari yao kwamba jiko liwe moja, lisilo nyama.

Chakula chenyewe kilikuwa cha kawaida: mkate waliooka wenyewe, wali, dengu na mboga, uji wa ngano, kahawa ya ngano zilizokaangwa, na jamu ya machungwa yaliyotoka shambani. Wote walikula mahali pamoja, na kila mtu aliosha sahani yake.

Ikaingia Ramadhani. Vijana wa Kiislamu walifunga, na Gandhi akawahimiza wasiache. Wenzao wa dini nyingine wakafunga pamoja nao kwa kuwaunga mkono, ila wao waliruhusiwa maji. Jioni vijana wa Kihindu na wa Kiparsi walikula kabla ya magharibi, si kwa uroho, bali wapate nafasi ya kuwapikia Waislamu vitu vitamu vya futari na kuwaandalia jua likizama. Nilisoma ukurasa ule mara mbili. Watu wa dini mbalimbali, futari moja, na hakuna aliyelazimika kuuliza nani kachinja.

Ni haki pia nitaje dosari yake. Katika miaka yake ya kwanza Afrika Kusini, Gandhi aliandika maneno ya dharau juu ya Waafrika, na hayo yamo katika kumbukumbu. Kwa ajili yake, sanamu yake iliyokuwa katika Chuo Kikuu cha Ghana iliondolewa mwaka 2018. Meza ya shamba la Tolstoy ilikuwa ya Wahindi na rafiki zao wachache wa Kizungu. Mwafrika, mwenye nchi, hakuwa na kiti pale. Mtu mkubwa naye huwa na mahali ambapo jicho lake halikufika.

CHUMVI, MBUZI NA MWISHO WAKE

Alirudi India mwaka 1915, na vita vya kudai uhuru vilivyofuata vinajulikana. Nitaje tu yale ya jikoni. Mwaka 1918 aliugua karibu ya kufa. Alikuwa ameweka nadhiri ya kutokunywa maziwa, na daktari alisema bila maziwa hatapata nguvu. Kasturba, aliyekuwa amechoka na nadhiri za mumewe, alimkumbusha kwamba alipoapa alikuwa na ng'ombe na nyati akilini, si mbuzi. Akanywa maziwa ya mbuzi mwaka 1919 na kuendelea nayo maisha yake yote, huku akikiri kwamba alishika maneno ya kiapo na kuvunja roho yake. Huko ndiko kuona haya kwa mtu mkweli.

Mwaka 1930, alipotaka kuitikisa dola ya Uingereza, hakuchagua bunduki wala mgomo wa viwanda. Alichagua chumvi. Sheria ilimkataza Mhindi kujitengenezea chumvi, na kila chungu cha maskini kililipa kodi yake. Tarehe 12 Machi alitoka Sabarmati na wafuasi 78, wakatembea maili 240 hivi mpaka pwani ya Dandi, na tarehe 6 Aprili akaokota chumvi ufuoni. Maelfu wakafungwa gerezani baada yake. Kila mwanamke wa India aliyepika alielewa mapambano yale bila ya kuhutubiwa.

India ilipata uhuru tarehe 15 Agosti, 1947, ikagawanyika, na damu ikamwagika baina ya Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Tarehe 13 Januari, 1948, Gandhi, mzee wa miaka 78, alianza mfungo wake wa mwisho huko Delhi. Alitaka Waislamu waishi kwa amani, misikiti yao irudishwe, na ziara ya kaburi la Khwaja Qutbuddin Bakhtiar huko Mehrauli ifanyike kama ada. Siku ya tano viongozi wa pande zote wakaahidi. Akafungua kwa maji ya machungwa aliyopewa na Maulana Azad. Siku 12 baadaye, tarehe 30 Januari, alikula maziwa ya mbuzi, mboga na machungwa, kisha akatoka kwenda kwenye sala yake ya jioni. Mhindu mwenzake, Nathuram Godse, aliyechukia huruma yake kwa Waislamu, alimpiga risasi tatu. Afrika Mashariki haikumsahau. Nairobi, sanamu yake iliwekwa mwaka 1956 katika chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi.

SUFURIA YA MBOTELA

Basi nilifanya nini na elimu hii? Sikuacha nyama. Siku ya Idi mbuzi wangu huchinjwa kama kawaida, na biriani ni biriani. Lakini nilimwambia mama watoto kwamba tunahitaji sufuria moja ambayo mtu yeyote wa mtaa huu anaweza kuifunua bila ya wasiwasi, wa dini yoyote.

Tulianza na pojo, ambazo Mbotela huitwa ndengu. Zioshe, uzichemshe mpaka zipasuke. Tia kitunguu, nyanya, manjano, kitunguu saumu na pilipili mbichi, kisha tui la pili, uache zichemke polepole. Tui zito la kwanza litie mwisho na ukoroge bila kuacha, lisije likakatika. Kwa chapati, ni chakula cha kumtuliza mtu aliyepigwa na baridi ya Julai ya Nairobi. Kutoka hapo tukatembea dunia bila ya nauli. Tulipika ful ya Wamisri, maharage makavu yaliyopikwa mpaka yakalainika, yakatiwa ndimu, bizari ya pilau na mafuta. Tukapika kushari, nayo ni ya huko huko Misri: wali, adesi na makaroni chini ya vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawia. Tukajaribu shiro ya Wahabeshi, mchuzi wa unga wa dengu ambao Wakristo wa kule hula katika mifungo yao. Na pure ya mahindi na maharage, tuliyoila utotoni Mombasa, tukagundua kwamba ndiyo githeri ya jirani.

Siku ya kwanza ya pojo, mke wangu alijaza bakuli, nami nikalipeleka mwenyewe mlango wa pili. Nikamweleza yule mama, tena kwa kuchelewa, kwa nini ile sahani ya Krismasi ilirudi, nikamwomba radhi. Alinisikiliza kimya. Akasema alidhani tumeona chakula chake kichafu. Akalipokea bakuli, akafunga mlango, nami sikujua kama amenisamehe.

Bakuli halikurudi siku ile wala wiki ile. Lilirudi Ramadhani ilipoingia, siku ya tatu ya mfungo, kama robo saa kabla ya adhana ya magharibi. Mwanawe mdogo ndiye aliyelileta, amelifunika kwa kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na mnavu na kunde, vimepikwa pamoja kwa maziwa kama wapikavyo kwao. Mtoto akatoa ujumbe aliotumwa na mama yake, kwamba hakuna mnyama humo, na kwamba sufuria aliisugua mara mbili. Tukamkalisha, tukangoja jua. Mwadhini alipoadhini tulitangulia kwa tende, kisha tukalivuta bakuli katikati, na mtoto yule akala pamoja nasi.